Bunduki ya Surjit, Majira ya Baridi

Alhamisi, 5 Januari 2006

Imekwama tena. Magazini ya kwanza haikufika nusu. Ya pili ikawa mbaya zaidi, na baada ya hapo nikaacha kuhesabu. Ganda la risasi linatoka kidogo tu, linasimama wima mlangoni kama mshumaa, na bolti inalibana hapo hapo. Surjit anabaki na bunduki begani na hajui la kufanya.

Ukumbi wa shabaha una baridi ya jokofu. Boila ilikufa kabla ya Krismasi na klabu haina haraka nayo. Tunapiga tumekaa mezani, tumevaa makoti, wazee watupu. Maureen, kapteni wetu, huvaa glavu zilizokatwa vidole na hupuliza chai yake kati ya amri moja na nyingine.

Niandike vizuri, maana nikiandika ndipo ninapofikiri. Bunduki yenyewe ni ndogo, ya risasi nyembamba za shabaha, zile zilizopakwa nta. Inajipakia yenyewe. Ukifyatua, nguvu ya risasi inaisukuma bolti nyuma, ganda linarushwa nje, springi inairudisha bolti mbele na risasi mpya. Mkono hauna kazi ila kidole kimoja. Ndiyo sababu Surjit aliinunua. Kiharusi kilimwachia kidole hicho, na katika mkono wa kulia hakikumwachia mengi zaidi. Bunduki yake ya zamani, ya kuvuta bolti kila risasi, ameshaiuza.

Oktoba ilipiga vizuri. Sasa bunduki ya kujipakia haijipakii.

Alikuwa amevaa kilemba cha buluu, kile kizuri. Shemeji Baljit, mkewe, aliniambia siku nyingine zote hufunga kitambaa chochote kilicho karibu. Alhamisi tu ndiyo anasimama mbele ya kioo.


Jumamosi, 7 Januari

Nimemwambia nitaitengeneza. Sheria hairuhusu bunduki yake ilale kwangu, wala niishughulikie yeye hayupo. Basi kazi yote itafanyika Jumamosi, bandani kwangu, yeye amekaa kwenye kiti cha bustani kando ya hita ya mafuta ya taa. Shemeji anamleta kwa gari, kwa kuwa leseni ya udereva walimnyang'anya. "Ananiacha hapa kama mtoto wa nasari," anasema Surjit. Lakini leo alifika kabla ya saa tuliyoagana.

Nimeifungua. Kwanza kuangalia bila kugusa. Baba alinifundisha hivyo dukani kwake Darajani, Unguja, alipokuwa akitengeneza vyerehani. Halafu pamba. Unachukua kishungi cha pamba kavu unakipitisha juu ya kila uso wa chuma. Panapobaki nyuzi, pana kinyweleo cha chuma kilichochomoza. Jicho langu siku hizi linanidanganya. Pamba bado.

Surjit akacheka. "Nassor, bana, sisi Kisumu tungechukua nyundo."

Nikamwambia ndiyo maana reli yao ilichelewa.

"Reli yetu? Reli ilifika Kisumu nyinyi bado mnapanda punda!"

Baba yake alikuwa fundi wa karakana ya reli. Mzaha juu ya reli Surjit hauvumilii.

Pamba imekamata sehemu mbili: kwenye midomo ya magazini na kwenye kile kipande kidogo kinachong'ata ganda ili kulitoa. Sina neno lake la Kiswahili. Miaka yote niliyofanya kazi na Surjit kiwandani Washwood Heath, hapa Birmingham, nimejifunza majina ya vyuma kwa Kiingereza tu. Nitakiita ndoana. Ncha ya ndoana imeisha, ina mviringo kama ukucha wa mtoto. Nimeagiza mpya.

Ndani kulikuwa na mafuta tayari. Ya muuzaji, nadhani. Nimeongeza.


Jumatano, 11 Januari

Mvua. Sikutoka. Nimekereza kirungu cha shaba cha kuwekwa kwenye mkono wa bolti, kikubwa kama tende mbili, ili Surjit aweze kukishika kwa kiganja kizima. Mkono wa asili ni kijipande chembamba, kinataka vidole viwili vyenye nguvu. Yeye hana.

Mashine yangu ya kukereza ni kuukuu, ya mnada wa kiwandani. Shaba ilitoka kwa nyuzi ndefu za dhahabu. Nimefurahi kupita kiasi. Nilikula chakula cha mchana saa kumi.


Alhamisi, 12 Januari

Kirungu ni kosa. Nimeaibika. Shaba ni nzito, na uzito wote huo unasafiri na bolti. Bolti ikaenda polepole kuliko mwanzo, haikufika nyuma, maganda yote yakabaki ndani. Fundi wa mwaka wa kwanza angejua.

Kibaya zaidi kilifuata. Ilipokwama mara ya tatu Surjit alivuka mkono wa kushoto juu ya bunduki, akavuta, na mtutu ukaondoka kwenye shabaha ukaelekea ukutani. Hakuna aliyekuwa upande ule.

Maureen hakupiga kelele. Alisubiri wengine wamalize, akatuita pembeni. Amesema hivi: mazoezi ya kwanza ya Machi, siku ya Alhamisi, Surjit atapiga magazini nne mfululizo mbele yake. Ikikwama hata mara moja, bunduki hii haipigwi tena klabuni, wala hataingia kwenye timu ya wazee itakayoshindana Machi. Amesema kwa upole, mkono wake uko begani mwa Surjit. Ana haki. Ningekuwa mimi kapteni ningesema hayo hayo.

Garini Surjit alisema, "Basi nitairudisha polisi. Mambo imekwisha."

Shemeji aliendelea kutazama barabara. Mimi niliketi nyuma na sanduku la bunduki miguuni.


Jumamosi, 14 Januari

Kirungu kipya, cha aluminiamu, kitupu ndani. Kina uzito wa ganda la korosho. Surjit alikivuta kwa mkono wa kulia. Mara ya kwanza uliteleza. Mara ya pili bolti ilikuja hadi nyuma kabisa. Alinitazama. Niliinama nikatafuta bisibisi ambayo sikuihitaji.

Ndoana mpya imeingia. Kule nyuma, bolti inapogonga, kulikuwa na pini ya chuma. Nimeweka ya nailoni, isipige kelele wala kurudi kwa hasira. Nimesugua mdomo wa chemba, pale risasi inapoingia, kwa msasa laini kabisa uliozungushiwa kijiti, taratibu, bila kuondoa chuma, kuondoa ukavu tu. Midomo ya magazini pia. Pamba sasa inapita kote bila kuacha uzi.

Mafuta yangu ya wiki iliyopita bado yamejaa ndani. Nimefurahi kuona. Nimeongeza mengine kabla ya kufunga. Bandani bolti inateleza kama hariri.

Shemeji alileta kachori na chatini ya ukwaju. Tulikula tumesimama. Surjit alimwambia mkewe kwamba mimi ni fundi wa kwanza Birmingham ambaye anafanya kazi kwa pamba kama nesi.


Alhamisi, 19 Januari

Afadhali. Magazini ya kwanza ilipita yote. Ya pili ilikwama mara moja, mwishoni. Ya tatu ilikwama mapema. Ya nne, kila baada ya risasi mbili tatu.

Inaanza vizuri kisha inaharibika. Kwa nini?


Jumapili, 22 Januari

Salma, binti yangu, amepiga simu kutoka London. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yetu, na tunaelewana. Anataka kujua kwa nini mzee wa umri wangu anacheza na bunduki. Nimemwambia ni kama cherehani, tofauti ni kelele. Hakucheka.

Sikumwambia lililo kweli zaidi. Tangu mama yake afariki, Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Sasa ni siku ya Surjit. Nanunua biskuti. Nafagia banda. Bunduki ikipona, sijui Jumamosi itakuwa siku ya nini.

Wazo baya. Nimeliandika ili nilione lilivyo. Naitaka ipone.


Jumamosi, 28 Januari

Tumefungua kila kitu. Springi nimeipima na mpya, hazitofautiani. Chemba safi. Ndoana inang'ata. Nimelisha risasi bandia za plastiki kwa mkono, magazini baada ya magazini, bila kukwama hata mara moja. Kando ya hita, ndani ya banda langu, ni bunduki kamili.

Masizi yalikuwa mengi kuliko nilivyotazamia. Meusi, mazito, kama mabaki ya chini ya sufuria ya halua. Risasi hizi ni chafu, inajulikana. Nimefuta, nimepaka mafuta upya, mengi, kila kona.

Surjit aliongea habari za Kisumu leo. Namna mvuke wa ziwa ulivyokuwa ukiingia kwenye kila kitu. Baba yake alikuwa na kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, na kila jioni alivipitia vyuma vyote vya nyumbani, bawaba, kufuli, baiskeli, hata mkasi wa mama. Nikamwambia kwetu ni hivyo hivyo, chumvi ya bahari inakula sindano ndani ya wiki. Baba alikuwa akisema cherehani haikai kavu. Tulikubaliana kabisa. Ni mara chache.


Alhamisi, 2 Februari

Vibaya. Vibaya kuliko siku zote. Maji ya kwenye ndoo ya uani yalikuwa yameganda. Ndani ya ukumbi tulikuwa tunaona pumzi zetu.

Haikumaliza hata magazini moja. Surjit alitoa magazini, akafungua bolti, akaonyesha chemba tupu kama sheria inavyotaka, yote sawasawa, yote kwa polepole yake. Akaweka bunduki ndani ya sanduku. Akavua miwani. Akakaa kumsubiri shemeji.

Maureen alinitengenezea chai. Aliniuliza kama Surjit yuko sawa. Nikamjibu yuko sawa.

Sijui nimekosea wapi. Nina hasira na kipande cha chuma.


Jumamosi, 4 Februari

Hakuja. Nilifagia banda. Hita ilikuwa inawaka tangu asubuhi.

Shemeji alipiga simu mchana. Amesema Surjit ana mafua. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema uongo huku Surjit mwenyewe akisikiliza kando yake.

Biskuti nimempelekea jirani yangu Mkongo, Mama Neema. Alinikaribisha ndani. Nikasema kesho.


Jumanne, 7 Februari

Nimecheka leo mpaka mbavu zinaniuma. Niandike kwa mpangilio.

Nilipanda mabasi mawili hadi Handsworth, nyumbani kwa Surjit. Sikutoa taarifa. Shemeji alinifungulia mlango, akaweka kidole mdomoni, akanielekeza chumba cha nyuma. "Bhai Nassor, nenda uone mwenyewe. Kutwa hasemi na mimi, anasema na ile kitu yake."

Kabati la chuma lilikuwa wazi. Surjit amekaa kwenye stuli, kitambaa cha zamani kichwani, bunduki mapajani. Mkononi, mkono wa kulia, kopo la mafuta lenye mdomo mrefu. Analiminya kwa kiganja. Tone, tone, tone, ndani ya bolti. Kisha ndani ya magazini. Ndani ya magazini!

Nikamuuliza anafanya nini.

"Naiaga," akasema. "Kesho kutwa nitampigia polisi aje aichukue. Siwezi kumpa chuma kavu. Atasema wazee wa Kisumu hawajui kazi."

Nikamuuliza hupaka mafuta mara ngapi.

Akaniangalia kama mjinga. Jumapili baada ya ibada gurdwara. Alhamisi kabla ya kwenda klabu. Na siku nyingine akiwa hana kazi.

"Tangu lini?"

"Tangu nimenunua! Sasa nani angepaka? Wewe? Nyinyi watu wa pwani mnapaka maneno tu."

Nikakaa kitandani. Mimi hupaka kila Jumamosi. Mengi. Kila kona. Nikikuta mafuta ndani, najisifu kwamba ni yangu yamedumu. Ningelijiuliza mara moja tu mafuta gani yanadumu baada ya jioni nzima ya kupiga, ningelijua. Sikujiuliza, kwa sababu yalinifurahisha. Yeye naye alikuta mafuta akadhani ni yake.

Watu wawili, mmoja anaogopa mvuke wa ziwa, mwingine anaogopa chumvi ya bahari, na bunduki iko Birmingham, ndani ya kabati kavu, nyumba ina hita kila chumba. Hakuna kutu inayokuja. Kilichokuja ni baridi ya ukumbi. Mafuta yanaganda, nta ya risasi na masizi yanaingia humo, na bolti inaogelea ndani ya uji. Oktoba kulikuwa na joto. Bandani kuna joto. Magazini ya kwanza inapita kwa kuwa uji bado haujajaa. Yote yalikuwa mbele ya macho yangu.

Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, taratibu sana, "Kwa hiyo tumeizamisha."

Shemeji alikuwa mlangoni. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Alilazimika kushika fremu ya mlango. "Mafundi wawili! Wazee wawili na pensheni ya ufundi!" Kisha Surjit, kicheko chake cha zamani cha kiwandani, ambacho sijakisikia tangu alipougua. Kisha mimi.

Hatapiga simu polisi. Jumamosi saa nne.


Jumamosi, 11 Februari

Tumeiosha yote kwa spiriti. Uji mweusi ulitoka mpaka nikaona haya. Surjit alishika kitambaa, mimi brashi. Tumekausha kwa pumzi ya hita. Ndani ya magazini, kavu kabisa. Ndani ya chemba, kavu. Kwenye njia za bolti, tone moja kila upande kwa ncha ya sindano, kisha tukafuta hata hilo, kikabaki kivuli tu cha mafuta.

Ilikuwa vigumu kwangu kufunga sanduku. Mkono ulitaka kuongeza. Surjit aliona. Yeye pia mkono ulikuwa unamwasha. Tulikaa kila mmoja akimlinda mwenzake.

Kopo lake ameliacha nyumbani kwa amri ya shemeji. Langu ameliweka Surjit juu ya rafu ya juu kabisa, ambayo mimi siifikii.


Alhamisi, 16 Februari

Magazini tatu. Imekwama mara moja, na hiyo ilikuwa magazini ya zamani ambayo midomo yake imefunguka. Nimeitia alama ya chaki, haitatumika tena.

Ukumbi baridi vilevile. Boila vilevile. Maganda yalikuwa yakiruka kulia, yote mahali pamoja, yakirundikana sakafuni kama kokwa za tende baada ya futari. Nilishindwa kuacha kuyatazama.


Jumamosi, 25 Februari

Hakuna cha kutengeneza. Tumefuta, tumekagua, pamba imepita. Robo saa. Kisha tukakaa hadi shemeji alipokuja, tukibishana kama chai ya maziwa ichemshwe pamoja na majani au la. Surjit hawezi kunywa chai yangu bila kuisema vibaya, na hawezi kuacha kuomba ya pili.


Alhamisi, 2 Machi

Mtihani wa Maureen.

Magazini nne, mfululizo. Maureen alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Mimi nilikaa kwenye benchi na kutazama viatu vyangu. Nilisikiliza tu. Mlio wa risasi hizi ni mdogo, kama mtu anayevunja kijiti. Kijiti. Kijiti. Kijiti. Kati ya magazini na magazini, ukimya wa kubadilisha, mkono wake wa kushoto ukifanya kazi. Kisha tena.

Hakuna kilichokwama.

Maureen akaandika jina lake kwenye timu, akaniangalia, akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia tumepunguza mafuta. Akasubiri niendelee.

Surjit aliniaga kwa kunishika mkono. Mkono wa kulia.


Ijumaa, 10 Machi

Kesho ni mashindano. Sina raha. Nimesoma ukurasa huo huo wa kitabu cha historia ya saa za mabaharia mara nyingi mno. Jambo moja linanisumbua: bunduki inaweza kuwa kamilifu na risasi ikawa mbovu. Hilo siwezi kulitengeneza. Ikitokea, lazima avute bolti mwenyewe, mtutu ukiwa mbele, watu wote wakimwangalia. Hatujawahi kulifanyia mazoezi. Sikutaka kumtia wasiwasi.

Nilipaswa kumtia wasiwasi.


Jumamosi, 11 Machi

Imetokea.

Tulishindana na wazee wa klabu nyingine, watu wema, wenye sandwichi nyingi. Ukumbi wao una joto. Surjit alikuwa na kilemba cha buluu na tai. Alipiga magazini ya kwanza bila tatizo. Ya pili, katikati, alifyatua na hakukusikika kitu ila mgongano mdogo wa chuma. Kimya. Risasi mbovu.

Niliinuka nusu kutoka kwenye kiti. Maureen alikuwa karibu yangu, akanishika koti nyuma.

Surjit hakugeuka. Alisubiri, mtutu mbele, kama tunavyofundishwa, hadi muda wa hatari upite. Kisha mkono wa kulia ukaondoka kwenye kifyatulio. Polepole mno. Ulikwenda juu, ukapapasa hewani, ukakuta kirungu. Kiganja kikakifunika kizima. Niliona bega lake likifanya kazi ambayo vidole haviwezi. Bolti ikaja nyuma hadi mwisho. Risasi mbovu ikaanguka mezani, ikabingirika, ikasimama. Akaiachia bolti. Ikaenda mbele kwa mlio mmoja mkavu. Mtutu haukuwa umesogea hata unene wa kidole.

Akaendelea kupiga.

Amekuwa wa tano katika sita. Timu imeshindwa. Shabaha yake ina matundu kila mahali, mawili karibu na katikati. Ameikunja akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Garini shemeji alimuuliza habari. "Nimeshindwa vizuri sana," akasema, na akaanza kuimba wimbo fulani wa Kipunjabi, kwa sauti mbaya, hadi mtaa wa Nechells. Shemeji alipunguza mwendo. Nadhani alitaka tuchelewe kufika.


Jumamosi, 18 Machi

Jua, dhaifu, lakini jua. Nimefungua mlango wa banda.

Sikutegemea mtu. Bunduki iko kabatini kwake, safi, kavu, haina shida. Asubuhi nilikuwa nimeshaweka nguo kwenye mashine ya kufua. Sikununua biskuti.

Saa nne nikasikia lango dogo likilia bawaba. Surjit, kilemba cha buluu, kwa basi, peke yake. Bila sanduku. Mkononi lile kopo la baba yake lenye mdomo mrefu.

"Baljit amelifukuza nyumbani," akasema. "Litakaa kwako. Lakini wewe usiliguse."

Alikaa kwenye kiti chake. Nikachemsha maziwa pamoja na majani, anavyotaka yeye. Akasema yamezidi kuchemka. Tuliongea kidogo tu. Alitia mafuta bawaba ya lango kabla ya kuondoka, mwenyewe, kwa mkono wa kulia, tone moja. Akanitazama. Akaongeza la pili.

Nikamwachia.